Namba ya Ugonjwa wa Mzee Dadi

Ilipofika saa saba mchana Scola alikuwa ameshaona wagonjwa arobaini na sita, na nje kwenye mabenchi walibaki wengine ambao hakutaka hata kuwahesabu. Tabibu mwenzake alikuwa Dodoma kwenye semina ya wiki mbili. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na ule wa jua juu ya paa la kituo ulitosha kompyuta na friji ya chanjo tu, kwa hiyo feni ilikuwa imesimama. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alikuwa amevua viatu chini ya meza na kukanyaga sakafu, ambayo nayo haikuwa na ubaridi wowote.

Aliyeingia alikuwa mzee Dadi, fundi wa boti. Pale Ujiji mtu akitaka boti ya mbao itakayovuka ziwa bila kutia maji, huelekezwa kwake. Aliingia taratibu, akafunga mlango mwenyewe, kisha akabaki amesimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae."

"Nikikaa inauma," alisema, na akatazama dirishani.

Scola akaelewa. Aliandika jina kwenye kompyuta na faili likafunguka. Mwezi wa tatu, mwezi wa sita, mwezi wa tisa. Safari zote tatu tatizo lilikuwa kidonda sehemu za siri, na safari zote tatu iliandikwa namba moja, A64. Hiyo ndiyo namba ya ugonjwa wa zinaa ambao haikujulikana hasa ni upi. Mara mbili za kwanza jina la tabibu lilikuwa lake yeye Scola. Mara ya tatu lilikuwa la mwenzake, ambaye bila shaka alitazama alichoandika Scola akakifuata.

Kila ugonjwa una namba yake. Usipoandika namba, kompyuta haifungi faili, na faili lisipofungwa, dirisha la dawa halioni chochote na mgonjwa anakaa pale mpaka jioni. Mfumo ulipoletwa, Scola alikuwa akizitafuta namba kwa makini, moja moja, hata akabandika karatasi ya zile za mara kwa mara ukutani. Siku hizi, akishafika mgonjwa wa thelathini, kidole kilikwenda chenyewe. Kompyuta nayo ilizidi kumrahisishia, maana chini ya kisanduku ilikuwa inapendekeza namba ya safari iliyopita. Sasa hivi A64 ilikuwa pale inamngoja. Kubonyeza mara moja tu.

"Ni kile kile, mzee?"

"Ni kile kile. Lakini sikuja kutibiwa. Nimekuja uniandikie barua."

"Barua ya nini?"

"Ya kwamba mimi sina huo ugonjwa. Kiliporudi mara ya tatu mke wangu alihama, daktari. Leo siku ya kumi na tisa."

Scola akaweka kalamu chini. Alimkumbuka huyo mke, Zaitun. Alikuja mwezi wa sita na ile karatasi ambayo kituo humpa mgonjwa ili mwenza wake naye aje kutibiwa, amevaa buibui, akakaa kwenye benchi la nje kati ya majirani zake waliokuja kupima uzito wa watoto. Alipoingia alidungwa sindano mbili, kila upande wa makalio moja, za ile dawa nzito inayouma, na hakutoa sauti. Alipojifunika aliuliza swali moja: "Nimeupata kwa nani?" Scola akamjibu kama alivyowajibu wote: "Hayo mtaongea nyumbani." Kisha akaita anayefuata.

"Barua hiyo siwezi kuiandika, mzee," alisema.

"Kwa sababu ni kweli ninao?"

Wanaume wote waliopita kwenye kiti kile walikuwa waaminifu. Scola alikuwa amechoka kusikia uaminifu wao. Alitaka kusema hivyo, lakini alichosema ni, "Kwa sababu leo bado sijakuangalia. Nenda nyuma ya pazia."

Alivaa viatu, akavaa glovu, akaenda. Kidonda kilikuwa kimoja, cha duara, rangi ya zambarau iliyoiva, kingo nyekundu, na ngozi ya juu imechubuka. Alikuwa amekiona mwezi wa tatu na mwezi wa sita. Safari zile alikitazama kwa muda usiofika dakika moja. Safari hii alipapasa kinena, akakuta hakuna tezi iliyovimba.

"Kinaanza na malengelenge madogo madogo?"

"Hapana. Kinatoka hicho kimoja."

"Una kingine popote?"

Dadi alisita. Kisha akanyoosha mkono wa kulia. Kati ya kidole gumba na cha shahada palikuwa na duara jingine, rangi ile ile ya zambarau. Scola akamgeuza uso kwenye mwanga. Kwenye mdomo wa chini palikuwa na doa jeusi ambalo siku zote alilidhania ni la sigara.

"Unavuta?"

"Sijawahi. Hilo la mkono nilidhani ni la gundi ya mbao, sikulitaja. La mdomo sijui."

"Safari hii yalianza lini?"

"Juzi, yote pamoja. Yanaanza kuwasha, halafu kama moto. Hata kabla hayajatoka ninajua yatatokea wapi, maana ni pale pale."

"Pale pale kabisa?"

"Daktari, mimi ni fundi. Ukilizungushia penseli leo, likirudi mwezi mwingine halivuki mstari."

Scola akakaa kwenye ngazi ndogo ya kitanda. Hakukaa kwa kuwa amegundua kitu, alikaa kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma. Lakini akiwa pale chini, ule mkono ulikuwa sawa na macho yake. Ugonjwa wa zinaa hauji kukaa kati ya kidole gumba na cha shahada. Kuna kitu alifundishwa chuoni, miaka ishirini na zaidi iliyopita, kuhusu ngozi inayolipuka mahali pale pale kila mara, na chanzo chake.

"Unatumia dawa gani, mzee?"

"Situmii dawa."

"Ya presha? Sukari?"

"Sina hayo."

"Za kienyeji? Mizizi, unga wa kulamba?"

"Hapana. Ningekuwa na dawa ningehangaika kuja kwako?"

Mlango ukagongwa. Mwanamke mmoja akachungulia akasema mtoto wake amechemka sana, Scola akamwambia asubiri kidogo. Wazo lilikuwa limekwisha kumponyoka na kwa upande mmoja aliona afadhali liende. Akasimama, akaanza kuvua glovu.

"Juzi, kabla ya kuanza kuwasha, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa kazini ufukweni. Tumbo lilikuwa linanisumbua, nikarudi nyumbani, nikameza septrini mbili, nikalala."

"Umesema hutumii dawa."

"Septrini si dawa, daktari," alisema Dadi kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. "Septrini ni septrini. Ipo nyumbani siku zote."

Scola akarudi mezani na glovu moja bado iko mkononi. Akafungua safari ya mwezi wa sita. Kwenye mstari wa maelezo, juu kabisa ya ile A64, palikuwa na maneno aliyoandika yeye mwenyewe: anaharisha siku tatu, ametumia dawa za dukani. Alikuwa ameyaandika kisha akayapita. Mwezi wa tatu aliandika kuhara pia. Vipimo vya kaswende na virusi vya Ukimwi vilikuwa havina kitu, safari zote. Alitoa matibabu hata hivyo, kwa kuwa mwongozo unasema kidonda cha sehemu za siri kitibiwe kwa kukiona, usingoje majibu. Mwongozo haukukosea. Lakini haukumkataza kuuliza septrini ni nini nyumbani kwa mzee Dadi.

Akamweleza. Kwamba mwili wake unaikataa ile dawa, na kila akiimeza ngozi inawaka moto mahali pale pale. Kwamba si ugonjwa wa kuambukiza, hakuupata kwa mtu na hakumpa mtu. Kwamba asiiguse tena, wala zile za malaria za jamii hiyo hiyo ya salfa, kwa sababu safari nyingine inaweza isiishie kwenye madoa. Inaweza kubabua mwili mzima, kinywa na macho.

Dadi alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ni kidonge," alisema.

"Ni kidonge."

"Niliapa mbele yake. Akaniambia karatasi ya serikali haiapi, na haisemi uongo."

Scola akachukua karatasi ya kununulia dukani, maana faili lilikuwa bado halina namba. Alimwandikia krimu ya kupaka na vidonge vya kupunguza muwasho, akavitaja kimoja kimoja, kisha akachukua kadi ngumu akaandika kwa kalamu nyekundu: ASIPEWE SEPTRINI WALA DAWA YOYOTE YA SALFA.

"Mke wako umwambie," alisema.

"Nimesema mpaka nimechoka. Mwambie wewe. Wewe ndiye uliyemwita kwanza. Yuko kwa kaka yake, kule Katubuka."

Mtoto aliyechemka alikuwa na malaria. Baada yake wakaja wengine kumi na tisa.

Saa kumi, foleni ilipokwisha, Scola alikwenda chumba cha kumbukumbu. Ashraf, mtunza kumbukumbu, alikuwa anakula muhogo na macho kwenye skrini. Faili la Dadi lilikuwa wazi bado, maana Scola alikataa kulifunga kwa namba iliyopendekezwa. Wakatafuta pamoja. Ashraf alikuwa mwepesi wa namba, akaipata baada ya muda: L27.1, mlipuko wa ngozi wa mahali pamoja unaotokana na dawa iliyomezwa. Akaongeza nyingine, Z88.2, ya mtu asiyepatana na dawa za salfa, ili popote faili litakapofunguliwa iwe ya kwanza kuonekana.

"Hii ya L hatujawahi kuitumia hapa," Ashraf alisema. "Wilayani watauliza."

"Waulize. Sasa zile tatu za zamani. Zibadilishe."

"Zile zimefungwa, dada Scola. Ripoti zake zilishakwenda. Anayeweza kufungua ni mfawidhi peke yake."

Mganga mfawidhi wa kituo, Daktari Oswald, alikuwa ofisini na mafaili mapajani, amelegeza vifungo viwili vya shati. Si mtu mbaya. Alimsikiliza Scola bila kumkatiza, akaliangalia dirisha, akasugua macho.

"Mpya mmeandika sawa?"

"Sawa kabisa."

"Basi imetosha. Ukianza kufukua za zamani, Scola, tutafukua ngapi?"

"Sijui."

"Hilo ndilo ninaloogopa."

Scola hakuondoka. Hakuwa anagoma, hakuwa na nguvu za kugoma. Alikuwa amesimama tu, ameegemea fremu ya mlango, na kutembea hadi nje kulimshinda. Oswald akaendelea na mafaili yake, akainua macho, akamkuta bado yuko pale. Mwishowe akavuta kompyuta yake karibu. Hakufuta, alisema kufuta hakuruhusiwi na si vizuri. Ila alifungua nafasi ya kuongeza maelezo chini ya kila safari, na kesho yake Ashraf angeyajaza.

Kaka yake Zaitun ana nyumba ya matofali isiyopigwa plasta, si mbali na alipopanga Scola. Scola alipita akiwa njiani kurudi, jua bado lipo. Zaitun alikuwa uani peke yake anachambua maharage kwenye ungo. Alimtambua mara moja. Hakubadilika uso. Aliinuka, akaleta kiti cha plastiki, akakifuta kwa upande wa khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Nimekuja kuhusu mzee Dadi. Ameniruhusu niseme."

"Sema."

Scola akasema yote, tangu septrini hadi lile doa la mdomoni. Hakuficha kwamba habari ya kuhara na dawa za dukani aliiandika yeye mwenyewe mwezi wa sita, akaipita. Zaitun aliendelea kuchambua. Alitoa kokoto, akaitupa, akatoa punje iliyooza, akaitupa. Scola alipomaliza, vidole vikasimama.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa hujui."

"Sikujua."

"Ungesema hujui."

Jirani alikuwa anateka maji na ndoo iligonga bomba.

"Ungesema hujui," Zaitun alirudia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Mimi ningekaa na mume wangu tukangoja mpaka mjue. Miaka thelathini na minne nimekaa naye. Nimezaa naye Nasma na wadogo zake, nimemzika mama yake kwa mikono hii. Nikamwacha kwa karatasi ya mtu asiyejua."

"Nisamehe, mama."

Zaitun alitikisa ungo kidogo, maharage yakahama upande.

"Na mimi?" aliuliza. "Mimi kwenye hiyo kompyuta yenu nimeandikwa nini?"

Tangu mchana Scola alikuwa na faili la Dadi kichwani, L27.1 na Z88.2. Faili la Zaitun hakulikumbuka hata kidogo.

"Namba ile ile," alisema.

"Na ipo mpaka sasa."

"Ipo."

"Basi kesho nitakuja niione."

Alikuja saa mbili asubuhi, kabla mabenchi hayajajaa, na miwani ya kusomea ndani ya kifuko. Hakwenda chumba cha Scola. Alikwenda moja kwa moja kwa Ashraf akavuta kiti. Scola alipoitwa alimkuta Zaitun ameinamia skrini, kidole karibu kinagusa kioo.

"Soma hapo," alimwambia Ashraf.

"A64."

"Maana yake?"

Ashraf akasoma maana yake, kwa sauti ya chini, masikio yakimuwaka.

"Itolewe."

Ashraf akaeleza kwamba haitoki. Akaeleza kwamba juu yake itaandikwa nyingine. Ilimchukua muda kuipata, kwa sababu namba nyingi kwenye ule mfumo ni za watu wanaoumwa, na mtu ambaye hakuwa na ugonjwa hana pengi pa kuwekwa. Alipita hapa na pale, akarudi nyuma, kisha akasimama kwenye Z03.8.

"Kuangaliwa kwa ugonjwa ulioshukiwa, usiothibitika," alisoma.

"Rudia."

Akarudia.

"Kushukiwa," alisema Zaitun. "Hilo angalau ni kweli. Na chini ya ile ya zamani unaandika nini?"

"Kwamba iliandikwa kwa makosa, mama."

"Makosa ya nani?"

Ashraf alimwangalia Scola. Nje mtoto alikuwa analia na mtu alikuwa anauliza kama daktari ameshafika.

"Andika makosa ya tabibu," Scola alisema. "Weka na jina langu."

Ashraf akampigia mfawidhi afungue nafasi na kwenye faili lile, kisha akaandika. Zaitun alisoma neno kwa neno mpaka alama ya nukta, akavua miwani, akairudisha kwenye kifuko. Aliwaaga wote wawili kwa sauti sawa, akatoka. Scola alitaka kumuuliza kama atarudi nyumbani kwake, lakini aliona hilo halikuwa swali lake. Alikwenda chumbani akavua viatu chini ya meza na siku ikaanza.

Zilipita wiki tatu bila habari. Mwenzake alirudi kutoka semina, akapewa kusoma faili la Dadi, akasema hata bila kuona alichoandika Scola angeandika hivyo hivyo, na Scola akamwambia anajua. Wilayani waliuliza kuhusu L27.1. Oswald akawajibu kwa simu, kwa maneno machache.

Kisha siku moja ya Jumatatu Dadi akaingia. Alikaa kwenye kiti bila shida. Doa la mkono lilikuwa limefifia likabaki kahawia.

"Kimerudi?" Scola aliuliza.

"Hapana. Kichwa kinauma tu, tangu jana."

"Si ungemeza panadoli?"

"Haipo." Dadi alijikuna ndevu. "Mama Nasma amerudi. Alikuja Ijumaa na begi lake, hakunisalimia, akaingia chumbani akakusanya kila kidonge kilichomo ndani. Septrini, panadoli, za minyoo, hata za magoti yake mwenyewe. Akavimwaga chooni."

"Zote?"

"Zote. Amesema hakiingii kidonge kwenye nyumba ile mpaka wewe ukiandike kwa mkono wako, na uandike na kinafanya nini."

"Na yeye? Amesema nini kingine?"

"Hajasema kitu. Analala chumba cha watoto. Lakini anapika." Dadi alifikiri. "Jana alileta uji mpaka ufukweni ninakochongea. Aliuweka juu ya mbao akaondoka."

Scola akavuta karatasi. Kwenye kompyuta aliweka namba ya kichwa kuuma, akaitafuta mwenyewe mpaka akaipata. Kisha akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa zinazosomeka: panadoli mbili, asubuhi na jioni, siku mbili, kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Alifikiri, akaongeza chini: haina salfa. Akaweka sahihi.

"Na za magoti yake?" aliuliza.

"Hizo atakuja kuzifuata mwenyewe," alisema Dadi. "Amesema ana maswali."